Shimo Lililotoboa Majivu

Kijiji cha Kharumwa,
S.L.P. 21,
Geita.

20 Novemba 1983

Mpendwa mdogo wangu Mihayo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana, ingawa imesafiri wiki saba na bahasha imefika imelowa utadhani ilivuka ziwa kwa kuogelea. Hujambo huko? Kile kifua cha baridi kimepona? Unakula nini, maana kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba kama ya mbuzi wa kiangazi. Mimi ni mzima. Melania ni mzima, yuko darasa la pili, na mdomo wake umemzidi umri. Mama yuko hai. Nalisema hilo mapema kwa sababu uvumi hukimbia kuliko barua, na huenda umekwisha kusikia vingine.

Sasa keti chini. Kama umesimama posta unaisoma, ikunje, nenda chumbani kwako, funga mlango. Barua hii ina habari ya baba yako na nitaifikia kwa zamu yake. Usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka mistari ya katekisimu. Isome toka juu kwenda chini, kama ulivyonifundisha mwenyewe kusoma udongo.

Mvua za vuli zimechelewa. Pamba ya mwaka huu ilikuwa ya kulialia. Sabuni hatujaiona tangu mwaka jana, tunafulia majivu, na dukani ukiulizia sukari wanakutazama kama uliyetukana. Basi nilipoisoma barua yako ya mapema mwaka huu kuhusu hao Warumi wako waliokuwa na bafu za maji ya moto miaka elfu mbili iliyopita, nilicheka peke yangu hadi Melania akaniuliza kama nina homa.

Lakini barua ile niliisoma mara nyingi. Uliandika kwamba chini kabisa ya huo mji mnaouchimba huko ng'ambo mlikuta vibanda vya mviringo vya watu waliokuwepo kabla ya Warumi. Juu yake barabara, kumbi na bafu. Na juu ya kumbi, Warumi walipokwisha kuondoka, watu wengine waliokuja kuwasha moto wa kupikia kwenye sakafu za wakubwa na kufungia mbuzi humo. Ukaniambia pia kuna tabaka jeusi limepita mji mzima, unene wa kiganja, la siku wenyeji walipowachoka Warumi wakauchoma mji na watu wake. Ukachora picha, ukaandika kanuni mbili za mwalimu wako mzee: kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu, na shimo likitoboa tabaka, basi shimo ni la baadaye. Picha hiyo niliibandika ukutani kwa ugali.

Ndiyo maana walipokuja watu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam mwezi wa saba, wakatafuta wachimbaji wa kwenda mahame yetu kule Mwanzwilo tulikohamishwa, mimi nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mkubwa wao ni Bwana Donatus, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza kama nimewahi kushika chekeche. Nikamwambia tangu nizaliwe sijaliweka chini. Akanipa la waya, na kazi ikawa kuchekecha kila ndoo ya udongo inayotoka shimoni kabla ya kumwagwa.

Baba yako peke yake, baba mdogo Bujiku, ndiye aliyepinga. Alikuja siku ya kwanza na fimbo, akasema tunaiudhi mizimu ya ukoo, akafukia shimo moja kwa miguu yake. Tulidhani ni uzee. Mama alimsihi kwa heshima, unajua alivyo kwa shemeji yake, naye akatema mate akaondoka.

Ungeiona kazi ile, Mihayo! Chini kabisa tulikuta mavi ya chuma na mirija ya udongo ya kupulizia moto. Wazee husema ni Warongo, wafua chuma wa zamani, na Bwana Donatus anadhani ni zaidi ya miaka elfu. Juu yao majembe na shanga za wakati wa mababu. Juu kabisa tabaka letu, jeusi, unene wa kiganja, sawasawa na lile la Warumi wako.

Lile halikuhitaji mtaalamu. Nililijua kwa pua. Ulikuwa bweni Shinyanga mwaka ule wa 1974 na hukuyaona, kwa hiyo nikueleze. Malori yalifika asubuhi. Waliotumwa walituambia tupande kwenda kijiji kipya, na asiyepanda atasukumwa. Mama alikuwa na mimba ya Melania, tumbo liko mdomoni. Walimpandisha kama gunia la pamba, mimi nikamfuata. Nyumba ilikuwa bado imesimama. Tulipofika mtoni nikageuka nikaona moshi, kwanza wetu, kisha wa kina Generosa, kisha wa kijiji kizima. Mzee mmoja kiziwi alikuwa bado yumo ndani ya nyumba yake. Tulimsikia.

Zizi liliungua siku mbili, samadi ikawa ukoko mweusi mgumu. Ng'ombe walitimka porini. Baba aliruka kutoka kwenye lori akarudi kuwatafuta, na baba yako akabaki naye. Hao wawili tu. Melania alizaliwa siku ya tatu, chini ya turubai, mikononi mwa Generosa jirani yetu, huku wanawake wa Mwanzwilo wote wamemzunguka Mama na kanga zao.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wa baba yako. Alikuja peke yake siku ya saba, akasema kaka yake amekwenda machimbo ya Geita kutafuta dhahabu, na kwamba amewaokota ng'ombe wachache kati ya wale waliotawanyika. Ndio ng'ombe waliokulipia shule. Baba hakurudi. Kabla mwaka haujaisha, maneno yakaanza. Macho ya Mama ni mekundu, wewe unajua ni moshi wa kinyesi cha ng'ombe, yamekuwa hivyo tangu alipokuwa akikupikia uji. Lakini watu wakasema ni ya ulozi, kwamba amemla mumewe, kwamba amemfanya msukule anamlimisha viazi. Nilikuficha hilo kwa miaka tisa ili usome kwa amani. Mwaka jana walimkata bibi mmoja kwa mapanga kijiji cha pili, kisa macho hayo hayo. Tangu siku ile mimi nalala mlangoni kwa Mama na shoka.

Na aliyeanzisha maneno hayo, Mihayo, ni baba yako. Hilo nilijua zamani. Nilidhani ni uchungu wa kumkosa kaka.

Tarehe kumi na mbili Oktoba tulikuwa zizini. Kijana wa Bwana Donatus akaniletea ndoo, nikatikisa, likabaki jino la mtu. Nikapiga ukelele. Wakachimba taratibu kwa mwiko na brashi, na kabla ya saa nne nikamwona. Alilala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, mkono chini ya shavu. Manyoya ya ngozi ya ng'ombe mweusi yalikuwa bado yamegandia mbavuni. Mkono wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho, kile kilichokatwa na mnyororo wa plau. Na ile bangili ya chuma ya babu iliyosokotwa waya wa shaba ilikuwa mahali pake. Kisogoni palikuwa na ufa mrefu mwembamba, wa shoka. Nilikaa chini juu ya udongo nilioumwaga mwenyewe, nikasema, "Baba, kumbe ulikuwa nyumbani."

Bwana Donatus alimtuma mtu kwa baiskeli kwenda polisi na mwingine kumwita Mama aje aitambue bangili. Hapo ndipo tulipokosea. Yule wa pili aliisema habari njia nzima. Mama alifika saa sita mchana akiwa na Melania na Generosa, na nyuma yao filimbi za sungusungu, mia au zaidi, upinde, rungu, mapanga. Baba yako alikuwa mbele yao wote.

"Mmeona?" alipiga kelele. "Mlozi amemuua mumewe akamfukia zizini! Nilisema mimi! Miaka tisa nasema!"

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinama anaitazama ile bangili. Alipoinua uso, panga la baba yako lilikuwa hewani, akainua mkono wa kushoto kama unavyojikinga na nyuki. Kiganja kilikatika kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Damu iliruka ikamwingia Melania mdomoni. Nilishika sepetu nikampiga baba yako gotini kwa ncha, nikasikia limevunjika, akaanguka. Naomba usome sentensi hiyo tena, maana nilifanya kwa mikono yangu na ningefanya tena. Jiwe lilimpiga Bwana Donatus likavunja miwani, naye, damu usoni, akavua mkanda wake akaufunga mkono wa Mama juu ya kiwiko hadi damu ikapungua. Mshale ulipita sikioni kwangu ukachoma kwenye chekeche.

Nikarukia ndani ya shimo la baba. Nikapiga kelele kwa Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, nikamwita Mzee Sikujua, kamanda wao, kwa jina. Nikamwambia sheria yao wenyewe inasema mshtakiwa husikilizwa mkutanoni kabla ya hukumu, na kama wanaivunja basi wao ni majambazi kama majambazi wanaowakamata. Alipuliza filimbi. Wakatulia, lakini kwa namna ya mbwa anayeshika mfupa.

Sikuwa na shahidi, Mihayo. Nilikuwa na picha yako ya ukutani tu. Nikawaonyesha ukuta wa shimo. Nikasema, tazameni huu ukoko mweusi, ndiyo samadi iliyoungua siku ya malori. Umezunguka zizi lote bila kukatika. Umekatika hapa tu, juu yake. Nikapiga magoti nikachomoa kipande cha ukoko kutoka chini ya nyonga ya baba, nikakishika juu wote wakakiona. Nikasema, hiki kilikuwa chini yake. Aliyemzika alichimba baada ya moto.

Wanaume walitazamana. Generosa ndiye aliyeelewa kwanza.

"Bagosha, ninyi wanaume hamsiribi nyumba," alisema. "Mimi nikisiriba sakafu leo, kesho nikaikuta ina tundu, na siribo imeangukia ndani ya tundu, nitasema tundu lilitangulia? Moto ulipowashwa huyu mayu, mama huyu, alikuwa kwenye lori. Sote tulikuwemo. Siku ya tatu nilimshika miguu akizaa. Mwezi mzima hakuweza kuvuka ua. Alikuja kuzika saa ngapi?"

Wanawake wakaanza kusema mmoja mmoja, mimi nilikuwepo, mimi nilichota maji, mimi nilikata kitovu. Walijua miaka yote hiyo. Hakuna aliyewauliza, na wao waliogopa kusema.

Hapo ndipo Mzee Sikujua alipoteremka shimoni, akachuchumaa, akapapasa yale manyoya meusi. Akauliza kwa sauti ndogo kabisa ni mwizi gani anayemuua mtu halafu akachinja ng'ombe, akamvika ngozi, akamlaza ubavu wa kulia katikati ya zizi lake kama mwenye mji, akamwachia bangili ya urithi. Hakusubiri jibu. Sisi sote tunajua nani anayemzika mwenye mji. Mwanawe au ndugu yake. Baba hakuwa na mtoto wa kiume.

Baba yako angeweza kumwacha kwa fisi, Mihayo, na leo Mama angekuwa amekufa. Lakini aliogopa kumwacha kaka yake bila ngozi.

Waligeuka wote kumtazama. Alikuwa ameketi pale pale, mguu umepinda vibaya. Sijui kama ni maumivu au ni miaka tisa, lakini hakukana. Haya ndiyo maneno yake na sikupunguza wala sikuongeza: "Nilimwomba ng'ombe wa kumsomesha Mihayo. Akaniambia, juzi nimenyang'anywa nyumba, na wewe leo unataka mifugo. Akanigeuzia mgongo. Nilikuwa na shoka mkononi, nilikuwa nakata miiba ya zizi jipya." Kisha akamtazama Mama akasema, "Shemeji, nilimzika vizuri."

Mama ndiye aliyesema wasimguse. Alisimama, mkono umefungwa mkanda, kanga yote nyekundu, akasema, "Yaya! Hapana! Mwacheni! Polisi wanakuja!" Hawakumsikia. Wale wale waliokuja kumuua yeye walimvamia baba yako, dakika ileile na kwa silaha zilezile. Rungu la kwanza lilimpata begani. Mshale ukaingia shingoni. Alijaribu kutambaa kuelekea shimoni na walimfuata wakimponda kama wanaoua nyoka, mawe, marungu, mpini wa sepetu yangu mwenyewe. Ilichukua muda mrefu kuliko unavyofikiri. Sitakuandikia sura yake ilivyobaki.

Sitakudanganya pia. Pigo la kwanza lilipotua, moyo wangu ulifurahi. La pili pia. Nilikumbuka baba yangu na ufa kisogoni, nikakumbuka kila usiku niliolala mlangoni. La tatu ndipo nilipokuona wewe, una miaka sita, umebebwa mabegani mwa huyo huyo Bujiku mkitoka mnadani, unakula muwa. Nikaanza kupiga kelele waache. Nilikuwa nimechelewa. Ni mimi niliyewaonyesha ukoko ule. Nilimwokoa mama yangu kwa maneno, na maneno hayo hayo yalimuua baba yako, na maneno hayo ulinifundisha wewe. Nimeigeuza kila upande sioni ningefanya vingine.

Polisi walifika kesho yake. Mzee Sikujua na wengine wawili wamepelekwa Geita. Mama alikaa wodini wiki tatu, mkono wakauondoa hapo juu ya kifundo. Anajifunza kumenya viazi kwa kuvibana kwa goti, na amenifukuza jikoni mara mbili kwa kumwonea huruma.

Hakuna aliyetaka kumzika baba yako. Watu wa ukoo walifunga milango. Alilala siku ya pili chini ya turubai la Bwana Donatus, nzi wamemjaa. Mama akatuma neno kutoka wodini, kwamba tumchinje fahali wetu mweusi, yule mmoja tuliyebaki naye. "Alimfunika kaka yake," alisema, "naye afunikwe." Polisi walipomaliza kuandika, mimi na Generosa na Bwana Donatus tulimvika ngozi mbichi, tukamlaza ubavu wa kulia, shimo lile lile, mgongoni kwa baba. Bwana Donatus hakuichukua mifupa. Alichora ukuta wa shimo kwenye daftari lake, akapiga magoti, tukafukia pamoja. Alilia kuliko mimi.

Nafikiri sana juu ya hilo ninapofulia majivu. Siku moja, hata miaka elfu mbili, atakuja mtu kama wewe na mwiko na brashi. Atakuta Warongo chini, mababu juu yao, tabaka jeusi, na shimo lililotoboa majivu. Ndani yake atakuta ndugu wawili wamelazwa pamoja, kila mmoja na ngozi yake. Ataandika kwamba walipendana. Na mimi sijui kama nitamwita mwongo.

Kuna jambo moja halijakwisha. Bangili. Polisi waliirudisha jana, ndiyo sababu naandika leo. Kwa desturi ni ya mwanamume mkubwa wa uzao wa babu, na amebaki mmoja tu, ni wewe. Ukiichukua umemrithi baba yangu. Ukiikataa, ukoo wetu umeishia kwenye shimo lile. Hutaipata kwa posta. Iko kwenye kibuyu juu ya kitanda cha Mama, na inabidi uje uivae mbele yake. Kama unanichukia, njoo unichukie hapa, nitakupikia michembe ya viazi uwe na nguvu ya kunichukia vizuri.

Generosa anakusalimu, anauliza kama huko pia wanawake ndio wanaochekecha. Melania anakusalimu sana, anataka umletee kipande cha bafu la Mrumi. Bwana Donatus, ambaye sasa anavaa miwani yenye kioo kimoja, anakuombea heri katika masomo. Msalimu mwalimu wako mzee na umwambie kanuni zake ni za kweli hata huku.

Mungu wa babu zetu, wa juu ya udongo na wa chini yake, akuwekee mkono kichwani utakapofika mwisho wa ukurasa huu.

Mama hajui kuandika, na siku hizi anasema ana sababu ya pili. Lakini amesimama nyuma yangu tangu nianze ukurasa huu wa mwisho, na ameniamuru niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie Mihayo nilimlea kwa mikono miwili alipofiwa na mama yake. Sasa amefiwa na baba. Aje, mmoja unatosha."

Dada yako, kama bado wanikubali,

Paskalina Masele